Baada ya sahihi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jumuiya za kikanda na utekelezaji wa mikataba ya amani Afrika

Siku ya kutia saini uwanja hujaa marais, mabalozi, waandishi wa habari na kwaya. Miezi sita baadaye, wapiganaji wakiwa wamekaa kambini bila posho na mvua imekata barabara, wanaobaki kuulizia mkataba ni wachache. Mara nyingi wachache hao wametumwa na jumuiya ya kikanda, na maswali yaliyo hapa chini yanahusu kazi yao.

Mkataba ukishatiwa saini, si vita vimekwisha?

Hapana. Kilichokwisha ni mazungumzo, na mara nyingi hukwisha kwa sababu mambo magumu yameahirishwa. Nani atakuwa mkuu wa jeshi moja, mpaka wa jimbo upite wapi, waliochomewa nyumba watarudi lini: yote hayo huandikiwa kwamba "yatashughulikiwa na kamati", na kamati hiyo ndiyo inayorithi ugomvi mzima.

Tazama Sudan. Mkataba kati ya serikali ya Khartoum na SPLM, waasi wa kusini, ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, baada ya mazungumzo marefu yaliyoendeshwa na IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, msuluhishi akiwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya. Kipindi cha mpito kiliwekwa miaka sita. John Garang, kiongozi wa SPLM, aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais tarehe 9 Julai mwaka huo, na tarehe 30 Julai akafa katika ajali ya helikopta. Mkataba ungeweza kuzikwa naye. Haukuzikwa, na Januari 2011 watu wa kusini wakapiga kura ya maoni, asilimia 98.83 wakachagua kujitenga. Lakini kura ya watu wa Abyei, eneo la mpakani linalogombewa na pande zote mbili, iliyoandikwa katika mkataba uleule na kupangiwa wakati uleule, haikufanyika. Sahihi ni zilezile, waliotia ni walewale, kifungu kimoja kimetimia na kingine kimekwama. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mkataba fulani "umefaulu" au "umeshindwa", muulize: kifungu kipi?

Jumuiya za kikanda ni zipi hasa?

Umoja wa Afrika unatambua jumuiya nane. Zinazotajwa zaidi katika mambo ya amani ni ECOWAS ya Afrika Magharibi, SADC ya Kusini mwa Afrika, IGAD, Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ECCAS ya Afrika ya Kati. Kuna pia Jumuiya ya Kimataifa ya Nchi za Maziwa Makuu, ICGLR, yenye makao yake Bujumbura. Hiyo haimo katika zile nane, lakini imefanya kazi kubwa mashariki mwa Kongo.

Umoja wa Afrika wenyewe uko juu ya jumuiya zote kama mwamvuli. Baraza lake la Amani na Usalama lina wanachama 15, na hakuna hata mmoja mwenye kura ya turufu. Hapo ndipo linapotofautiana na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Zinapata wapi haki ya kuingia katika mambo ya nchi nyingine?

Kwanza kutoka katika mkataba wenyewe. Pande zinazopigana zikiandika kwamba IGAD au ECOWAS itasimamia usitishaji mapigano, zimeikaribisha nyumbani kwao kwa maandishi. Pili, Sura ya Nane ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inazitambua jumuiya za kikanda katika kutafuta amani, ila matumizi ya nguvu yanahitaji idhini ya Baraza la Usalama. Tatu, Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, kifungu cha 4(h), inaruhusu Umoja kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu.

Hiyo ya tatu bado ni ngumu kuitumia. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama liliidhinisha kikosi cha askari 5,000 kwenda Burundi, wakati nchi hiyo ilipokuwa katika mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Serikali ya Burundi ikakataa. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa wakaamua kutokipeleka bila ridhaa yake. Kikosi kile hakikuwahi kuvuka mpaka.

Neno "mdhamini" lina maana gani? Anadhamini nini?

Ukimdhamini mtu benki, asipolipa unalipa wewe. Mdhamini wa mkataba wa amani alitakiwa kuwa hivyohivyo: upande mmoja ukivunja ahadi, yeye abebe gharama ya kuurudisha kwenye mstari. Kwa bahati mbaya, mikataba mingi hutaja wadhamini bila kueleza watafanya nini mambo yakiharibika. Anayetia sahihi kama shahidi na anayetia sahihi kama mdhamini huonekana pamoja katika picha ya pamoja, na baadaye wote hutoa tamko lilelile la "kusikitishwa".

Udhamini wenye meno tuliuona Burundi. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, Nelson Mandela akiwa msuluhishi baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere. Ulikuwa na tundu kubwa: makundi makuu yenye silaha, CNDD-FDD na FNL, hayakuwemo. Hata hivyo ulikubaliwa mpango wa kuachiana madaraka. Rais Pierre Buyoya angeongoza miezi 18 ya kwanza ya mpito, kisha amkabidhi makamu wake, Domitien Ndayizeye. Wanasiasa waliokuwa uhamishoni waliogopa kurudi Bujumbura, kwa hiyo Afrika Kusini ikapeleka wanajeshi takriban 700 kuwalinda mwaka 2001. Miezi 18 ilipokwisha, nchi za kanda chini ya uenyekiti wa Rais Museveni hazikukubali visingizio. Tarehe 30 Aprili 2003 Buyoya akamkabidhi Ndayizeye. Mwanajeshi aliyekuwa ameingia madarakani mara mbili kwa mapinduzi aliondoka kwa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi. Mimi huliona hilo kuwa moja ya mambo makubwa ambayo ukanda wetu umewahi kuyafanya, na halisemwi vya kutosha.

Kilichowapa jirani hao uzito ni kwamba Burundi ilikuwa inawajua. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 walikuwa wameiwekea vikwazo vya biashara, vilivyodumu hadi Januari 1999. Nchi isiyo na bahari inaelewa haraka maana ya jirani kufunga njia.

Tume ya kufuatilia mkataba hufanya nini siku hadi siku?

Sudan Kusini ni mahali pazuri pa kuliona hili. Mkataba uliohuishwa wa tarehe 12 Septemba 2018 uliunda upya vyombo viwili chini ya IGAD. Kimoja, R-JMEC, hufuatilia mkataba wote: serikali, sheria, fedha, uchaguzi. Kingine, CTSAMVM, hushughulikia usitishaji mapigano na mipango ya usalama peke yake.

Chukua siku ya kawaida ya hao wa pili. Taarifa inaingia kwamba kijiji kimeshambuliwa. Serikali inasema waasi walianza, waasi wanasema walikuwa wamelala. Timu inapanda gari, au ndege ndogo kama barabara imezama. Ndani yake kuna afisa kutoka nchi ya kanda, kuna wawakilishi wa pande zilizotia saini, na kuna wa raia, wakiwemo wanawake na vijana. Wanafika, wanahesabu nyumba zilizoungua, wanaokota maganda ya risasi, wanaangalia ni ya bunduki gani na yameangukia upande upi wa njia. Wanazungumza na wanawake waliokwenda kuchota maji asubuhi, kwa sababu hao ndio waliowaona wapiganaji wakitokea. Kisha wanaandika ripoti ambayo wajumbe wa pande hasimu nao waliuona ushahidi wake kwa macho.

Ripoti hiyo hupanda ngazi hadi kwa viongozi wa IGAD, Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Kazi ya timu inaishia hapo. Hawana askari wa kumkamata mtu. Kazi yao ni kuhakikisha hakuna anayeweza kusema "hatukujua". Na kazi hiyo huzuiliwa kwa njia ndogondogo: mkuu wa kambi anasema hana kibali cha kuwafungulia lango, kituo cha ukaguzi kinawaweka juani kwa muda wa saa tatu, ndege inanyimwa ruhusa ya kuruka. Ukitaka kujua kama upande fulani una nia njema, usisikilize hotuba zake. Angalia kama unawaachia wahakiki wapite.

Kwa nini ratiba husogezwa kila mara?

Kwa sababu aliye madarakani wakati wa mpito ana mshahara, gari na walinzi, na mwisho wa mpito ni uchaguzi anaoweza kushindwa.

Sudan Kusini ilipewa miezi minane ya maandalizi kabla ya serikali ya umoja. Ikaongezwa sita. Ikaongezwa siku 100. Serikali ikaundwa tarehe 22 Februari 2020, baada ya mvutano mkali juu ya idadi ya majimbo ambao ulimalizika Rais Salva Kiir alipokubali kurudi kwenye majimbo 10 pamoja na maeneo matatu ya kiutawala. Mkataba ulisema viundwe vikosi vya pamoja vya askari 83,000. Vijana walikaa kambini miaka, chakula hakifiki, dawa hakuna, wengine wakifanya gwaride na bunduki za mbao. Kundi la kwanza lilihitimu Juba mwishoni mwa Agosti 2022. Mwezi huohuo mpito ukaongezwa miezi 24, na Septemba 2024 ukaongezwa 24 mingine, uchaguzi ukasogezwa hadi Desemba 2026. Machi 2025 Riek Machar, Makamu wa Kwanza wa Rais na mtia saini mkuu wa upande wa pili, akawekwa kizuizini nyumbani kwake.

Kuongeza muda kuna hoja yake: uchaguzi bila jeshi moja unaweza kuwasha moto upya. Ninachokipinga ni kuongeza muda bure. Kila siku zinapoongezwa, wadhamini wangepaswa kudai kitu mkononi: kambi ngapi zimefungwa, sheria gani imepita, fedha kiasi gani zimetoka hazina kwenda kwa vikosi hivyo. Mwaka 2019 na 2020 walibana angalau kidogo, na serikali ikaundwa.

Kukusanya silaha kunashindikana wapi?

Mara nyingi langoni. Liberia ilitia saini mkataba Accra tarehe 18 Agosti 2003, chini ya usuluhishi wa ECOWAS ulioongozwa na Jenerali Abdulsalami Abubakar, rais wa zamani wa Nijeria. Tarehe 7 Desemba Umoja wa Mataifa ulifungua kambi ya kwanza ya kupokea silaha, Camp Schieffelin, nje kidogo ya Monrovia. Walikuja wengi kuliko kambi ilivyoweza kuwabeba. Walitaka fedha papo hapo. Hapakuwa na mpango wa kuwalipa siku hiyo, wala wa kuwaambia wasubiri. Fujo zikaingia mjini, risasi zikalia, watu wakafa. Zoezi likasimamishwa hadi Aprili 2004.

Liliporudi lilikuwa na utaratibu: dola 300 kwa mpiganaji, kwa awamu mbili. Asiye na bunduki aliweza kuingia kwa kukabidhi risasi 150. Kufikia mwisho, zaidi ya watu 100,000 walikuwa wameandikishwa, ilhali bunduki zilizopatikana zilikuwa takriban 28,000. Watu husoma tarakimu hizo na kucheka kwamba Umoja wa Mataifa ulitapeliwa. Walikuwepo waliodanganya, hilo halina ubishi. Lakini walikuwemo pia wapishi, wabeba mizigo, wasichana waliotekwa na kufanywa wake za wapiganaji, na watoto ambao bunduki waliyoishika ilikuwa ya kamanda. Ungewaweka wapi hao?

Hapa ndipo kanda inapohitajika kuliko mtu mwingine yeyote. Wakati Liberia ikilipa dola 300, jirani yake Côte d'Ivoire ilikuwa inaandaa mpango wenye malipo makubwa zaidi. Mpiganaji mwenye akili timamu atapeleka bunduki yake wapi? Serikali moja peke yake haiwezi kulizuia hilo. Linahitaji meza moja yenye nchi zote mbili. Mwaka 2006 ECOWAS ilipitisha mkataba wake wa kudhibiti silaha ndogo, na fundisho la mpaka huo lilikuwa bado bichi.

Askari wa kanda hupelekwa kwa nini, wakati Umoja wa Mataifa una walinda amani?

Kwa sababu wanafika mapema. Umoja wa Mataifa huhitaji azimio, bajeti, nchi za kutoa askari, meli za kubeba vifaa. Liberia mwaka 2003 isingeweza kusubiri. Wanajeshi wa Nijeria waliokuwa mstari wa mbele wa kikosi cha ECOWAS walitua tarehe 4 Agosti, Rais Charles Taylor akaondoka nchini tarehe 11, mkataba ukasainiwa tarehe 18. Tarehe 1 Oktoba askari hao wa kanda, takriban 3,500, wakavaa kofia za buluu na kuwa sehemu ya Umoja wa Mataifa.

Burundi ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka misheni yake ya kwanza ya kulinda amani, yenye askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, na Juni 2004 Umoja wa Mataifa ukaipokea. Kanda hushika mlango, Umoja wa Mataifa unakuja na samani. Mpango huo ni mzuri, ila wanaoshika mlango ndio wanaokufa kwanza, na ndio wenye vifaa haba zaidi.

Jirani anaweza kuwa mwamuzi wa haki?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa. Jirani anajua lugha, anajua watu, anaweza kumpigia rais simu usiku. Jirani huyohuyo ana ng'ombe wake wanaovuka mpaka, ana wakimbizi, ana wafanyabiashara, na wakati mwingine ana jeshi lake upande wa pili. Vita vilipoanza Juba Desemba 2013, Uganda ilipeleka askari kumsaidia Rais Kiir, na papo hapo ni mwanachama wa IGAD, jumuiya iliyokuwa ikisuluhisha.

Kuna njia za kupunguza tatizo hilo. Moja ni kumweka mwenyekiti kutoka mbali: tume ya kufuatilia mkataba wa Sudan Kusini wa 2015 iliongozwa na Festus Mogae, rais wa zamani wa Botswana, nchi isiyo na chochote mpakani pale. Nyingine ni kumleta Umoja wa Afrika mezani awaangalie wanachama wa kanda. Hakuna njia inayoondoa maslahi kabisa. Na mimi sioni kama kutokuwa na maslahi ni sifa peke yake, maana asiye na maslahi ndiye anayechoka kwanza.

Mashariki mwa Kongo kuna michakato mingi. Kwa nini haiungani?

Kwa sababu kila jumuiya yenye mwanachama pale ilianzisha wake. ICGLR iliunda mwaka 2012 utaratibu wa pamoja wa uhakiki wenye makao Goma, maafisa wakitoka nchi wanachama. Februari 2013 ukatiwa saini Addis Ababa mpango mkuu wa amani na usalama kwa Kongo na kanda, wadhamini wakiwa wanne: Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, SADC na ICGLR. Baadaye ukaja mchakato wa Nairobi chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya makundi yenye silaha, na wa Luanda chini ya Angola, kwa ajili ya Kongo na Rwanda. Kikosi cha Afrika Mashariki kiliingia Novemba 2022 kikaondoka Desemba 2023, na cha SADC kikaingia kilipotoka hicho.

Mwenye hasara katika mpangilio huo ni raia. Upande ukibanwa Nairobi, unakimbilia Luanda. Ukibanwa Luanda, unasema unasubiri Nairobi. Tarehe 8 Februari 2025, Goma ikiwa tayari imetekwa na waasi wa M23, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana pamoja Dar es Salaam na kuanza kuiunganisha michakato hiyo miwili. Juni mwaka huo Kongo na Rwanda zikatia saini makubaliano Washington, huku mazungumzo na M23 yakiendelea Doha. Umoja wa Afrika una kiti katika kamati ya pamoja ya kusimamia makubaliano ya Washington. Kiti hicho kina maana kubwa, kwa kuwa Washington na Doha hazipakani na Kivu.

Mkataba wa Pretoria kuhusu Tigray ulifuatiliwaje?

Kwa kikundi kidogo sana. Serikali ya Ethiopia na TPLF, chama kilichokuwa kikipigana nayo katika jimbo la Tigray, zilitia saini tarehe 2 Novemba 2022, chini ya jopo la Umoja wa Afrika: Olusegun Obasanjo, Uhuru Kenyatta na Phumzile Mlambo-Ngcuka. Siku kumi baadaye makamanda wa pande zote mbili walikaa Nairobi wakakubaliana namna ya kutekeleza. Napenda sana hatua hiyo. Wanasiasa huandika "silaha zitakabidhiwa". Makamanda ndio wanaojua barabara ipi malori yatapita na nani atatangulia kuondoka. Januari 2023 wapiganaji wa Tigray walianza kukabidhi silaha nzito, waangalizi wa Umoja wa Afrika wakishuhudia.

Mizinga ilinyamaza, na hilo si dogo baada ya vita vilivyoua watu wengi kiasi kile. Yaliyobaki ni mazito: waliofukuzwa Tigray Magharibi kurudi makwao, na jeshi la Eritrea, ambayo haikuwa mezani Pretoria. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Fedha zinatoka wapi?

Kwa kiasi kikubwa, kutoka nje. Mwaka 2016 huko Kigali viongozi wa Umoja wa Afrika waliamua kila nchi itoze asilimia 0.2 ya bidhaa fulani zinazoagizwa kutoka nje ya bara ili kuugharimia Umoja, na Mfuko wa Amani ukawekewa lengo la dola milioni 400. ECOWAS ina tozo yake ya asilimia 0.5. Desemba 2023 azimio namba 2719 la Baraza la Usalama lilifungua njia kwa operesheni za Umoja wa Afrika kugharimiwa na Umoja wa Mataifa hadi asilimia 75 ya bajeti, kila moja ikiidhinishwa peke yake.

Tume ya kufuatilia mkataba ni rahisi mno ukiilinganisha na jeshi: magari, mafuta, watafsiri, mishahara ya watu wachache. Na bado ndiyo inayokatiwa fungu kwanza, kwa kuwa haionekani kwenye televisheni.

Wanawake na raia wana nafasi, au ni mapambo?

Inategemea kama wamewekwa ndani ya vifungu. Julai 2003 wanawake wa Liberia wakiongozwa na Leymah Gbowee walikaa chini kwenye milango ya ukumbi wa mazungumzo huko Ghana, wakawazuia wajumbe kutoka mpaka wakubaliane. Wale wajumbe walikuwa wamekaa hotelini wiki kadhaa huku Monrovia ikipigwa makombora. Katiba ya Burundi ya 2005, iliyotokana na Arusha, iliweka angalau asilimia 30 ya wanawake serikalini na bungeni, pamoja na mgawanyo wa 60 kwa 40 wa Wahutu na Watutsi. Mkataba wa Sudan Kusini wa 2018 uliweka asilimia 35 ya wanawake, na kiwango hicho mara nyingi hakifikiwi. Kwa kuwa kimeandikwa, kila ripoti ya tume inalazimika kusema hakijafikiwa.

Na haki kwa waliouawa?

Hapa jumuiya zetu zimekuwa dhaifu. Mahakama ya mseto kwa ajili ya Sudan Kusini, ambayo Umoja wa Afrika ulipewa jukumu la kuiunda, imo katika mkataba wa 2015 na ule wa 2018, na haijafunguliwa. Huwezi kusema haiwezekani: Umoja wa Afrika ulikubaliana na Senegal kuunda mahakama maalumu, na mwaka 2016 Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, akahukumiwa Dakar. Tofauti ni kwamba Habré hakuwa tena madarakani.

Kuna mfano wa karibu nasi ambao tume ya ufuatiliaji ilifanya kazi vizuri?

Kenya, 2008. Jopo la Umoja wa Afrika la Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa lilipatanisha Kibaki na Raila baada ya ghasia za uchaguzi, makubaliano yakasainiwa tarehe 28 Februari, Rais Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja. Jopo halikufunga virago. Liliacha ofisi Nairobi, na ripoti za tathmini zikawa zinatoka hadharani mara kwa mara, kifungu kwa kifungu, mtu yeyote akiweza kuzisoma. Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Bahasha ya majina ya watuhumiwa wa ghasia hizo, kutoka tume ya uchunguzi ya Jaji Waki, alikabidhiwa Annan, na serikali iliposhindwa kuunda mahakama ya ndani, akaipeleka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, mwaka 2009. Utamkubali au utamkataa, alifanya alichosema atafanya, tarehe ilipofika.

Mkataba mpya ukitangazwa, nisome wapi kwanza?

Nenda moja kwa moja kwenye viambatisho, mwishoni. Tafuta ratiba: je, kila jambo lina tarehe, na tarehe ina jina la chombo kinachowajibika? Tafuta nani anaongoza tume ya ufuatiliaji, na anamripoti nani. Angalia kama wahakiki wanaruhusiwa kwenda popote bila kuomba kibali siku hiyo. Angalia makundi ambayo hayakutia saini, kwa sababu moto mara nyingi hurudia kwao. Angalia kama fedha zimetajwa kwa chanzo au kwa matumaini.

Kisha hesabu siku 90 na utafute ripoti ya kwanza. Kama haijatoka, piga simu ofisi ya jumuiya husika uiulizie.